Filimbi Mahali Pake ni Njiani

Uko msemo unaopendwa mno katika mikutano yetu ya utamaduni, kwamba ala za muziki za jadi zinakufa kwa sababu vijana hawazipendi. Msemo huu hufungua mkutano na aghalabu ndio huufunga. Wazee hutikisa vichwa, vijana ambao hawakualikwa hulaumiwa, kisha watu husimama kwenda kunywa chai. Nasema wazi kwamba msemo huo ni wa kivivu, na tena si wa kweli. Ala haifi kwa kuchukiwa. Hufa kwa kukosa mahali pa kupigiwa. Na mahali pake pakishapotea, hata wale waipendao huitundika ukutani wakabaki kuitazama.

Tuchukue mfano wa jirani zetu wa Uganda. Filimbi ya Waganda iitwayo endere, ambayo hupulizwa penye pengo lililochongwa kichwani mwake, ilikuwa na kikundi chake katika ikulu ya Kabaka, na wapigaji wake walikuwa na kazi yao na heshima yao. Mwezi Mei 1966 jeshi la serikali liliishambulia ikulu hiyo huko Mengo, na mwaka 1967 falme za Uganda zikafutwa. Wapiga filimbi wakatawanyika. Huko Busoga nako, baragumu za vibuyu ziitwazo bigwala, zilizokuwa zikipigwa katika shughuli za kifalme, zilififia hata ikafika mwaka 2012 shirika la UNESCO likaziandika katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Je, tuseme kwamba Waganda na Wasoga waliacha ghafla kupenda muziki? Hasha! Watu walikuwa wale wale, na masikio yao yale yale. Kilichoondoka ni mahali.

Basi na tuulize: filimbi ya mtu wa kawaida, asiyejua ikulu wala mfalme, mahali pake palikuwa wapi? Jibu ni moja: njiani. Umwironge wa Rwanda na Burundi ulikuwa mwenzi wa mchunga ng'ombe. Chivoti ya Wadigo, ambao kwao ni Kwale na Tanga, ni kipande cha mwanzi chenye matundu sita ya vidole. Hupulizwa ubavuni, na mwenyewe aweza kuichomeka kiunoni akaenda zake. Ngoma kubwa hukaa kijijini ikangojea watu waijie. Filimbi ndiyo huwafuata watu. Tena jambo hili si la Afrika pekee. Mwaka 2008, katika pango la Hohle Fels kusini mwa Ujerumani, wachimbuzi wa mambo ya kale walipata filimbi iliyotengenezwa kwa mfupa wa bawa la tumbusi, yenye matundu matano na urefu wa karibu sentimita 22. Umri wake ni zaidi ya miaka 35,000. Waliokuwa wakiipiga walikuwa wawindaji, watu wa kuhamahama, ambao kila walichokimiliki walikibeba. Hawakuwa na kabati, lakini walikuwa na filimbi.

Leo njia za zamani zimebadilika. Mtoto ambaye angekuwa machungani sasa yuko darasani, na hiyo ni neema ambayo hakuna mwenye akili atakayetaka kuirudisha nyuma. Msafiri naye amepanda basi. Hata hivyo imebaki njia moja ambayo vijana wetu bado huipita kwa miguu, nayo huandaliwa na shule zenyewe. Nina maana ya matembezi ya masomo, kambi za skauti, na safari za kupanda milima. Wapo wanafunzi wanaopanda Usambara kutoka Lushoto. Wapo wanaoikwea Uluguru juu ya mji wa Morogoro. Wapo waendao kuyatazama maporomoko ya Sanje katika milima ya Udzungwa, na wengine huufikia mlima Rungwe. Hapo ndipo filimbi inapoweza kurudishiwa mahali pake. Dai langu, ndugu walimu, ni jepesi kulieleza: kila kikundi cha wanafunzi kiendacho kambini au milimani kibebe filimbi, nayo iwe filimbi ngumu, inayostahimili mvua, jua na kuangushwa, na awepo katika kikundi mwanafunzi, au wanafunzi, waliofundishwa kuipiga.

Sasa tuangalie kinachobebwa badala yake. Shanta ya kijana wa leo ina simu, na ubavuni mwa shanta imening'inia spika ndogo ya kuchaji. Kikundi kikianza kupanda, spika hufunguliwa. Ndege wote hunyamaza, na pamoja nao hunyamaza wanafunzi wenyewe, kwa maana mashine imekwisha kuwafanyia kazi ya kuimba. Wakifika kambini, spika hupiga hadi betri iishe. Ikiisha, wanabaki bubu kama watu waliofiwa, hawana hata wimbo mmoja wa kuuzungusha moto. Mimi si adui wa mashine. Redio imeifanyia lugha yetu kazi kubwa ambayo sote tunaijua. Lakini ipo tofauti kati ya taifa linalosikiliza muziki na taifa linalofanya muziki, na tofauti hiyo hudhihirika siku umeme unapokosekana. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea kutoka Tabora hadi Bagamoyo, na mizigo mabegani, walikwenda wakiimba, kirangozi mbele na ngoma pamoja naye. Je, wajukuu wao wasiobeba chochote ila mkate na chupa ya maji ndio washindwe?

Tena tazama mlima Kilimanjaro, ambao kileleni pake, meta 5,895 juu ya bahari, Alexander Nyirenda alipandisha Mwenge wa Uhuru mwezi Desemba 1961. Mgeni aupandaye mlima huo huimbiwa, tena huimbiwa kwa furaha, wimbo wa kumwamkia na kumwambia kuwa hakuna matata. Chanzo cha wimbo huo ni kundi la Them Mushrooms la Kenya, ambalo liliuvumisha tangu miaka ya 1980. Siudharau, umewalisha watu wengi na kuwachangamsha wengi zaidi. Nauliza tu: baada ya siku sita mlimani, mgeni huyo ashuke na lahani moja tu, nayo ni ya kumkaribisha yeye? Mlima huo umezungukwa na watu wenye nyimbo za kulima, za kupwaga, za kubembeleza watoto na za kuwasifu wazee. Kama hakuna ala iliyopanda nazo, nani atazisikia?

Najua pingamizi zitakazotolewa, na nitazijibu moja moja.

Pingamizi la kwanza ni la wale wasemao kuwa filimbi ni mambo ya wachunga ng'ombe, yaani ni ushamba. Hii ni kasumba tupu, na ingawa bendera ya mkoloni ilishuka, kasumba yake haikushuka nayo. Mtu huyo huyo akimwona mtoto wa Ulaya amepiga filimbi ya fedha jukwaani, hupiga makofi. Kinachomwudhi, basi, ni mpigaji. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge katika siku ya kuanza kwa Jamhuri, alitangaza kuunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akaeleza kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko wa watu wasio na roho ya taifa. Katika hotuba hiyo hiyo alionya kwamba kufufua utamaduni wetu si kuukataa wa wengine. Maneno hayo mawili huenda pamoja, na atakayeyatenganisha atakuwa ameyaharibu yote mawili.

Onyo hilo ndilo linalonifikisha kwenye pingamizi la pili, ambalo hutoka kwa marafiki zangu wa utamaduni. Hao husema: filimbi ya jadi ni ya mwanzi, mwanzi hupasuka ukinyeshewa kisha ukachomwa na jua, kwa hiyo tusiipeleke porini, tuihifadhi kwa ajili ya maonyesho. Na wakisikia kuwa filimbi yaweza kutengenezwa kwa bomba la plastiki, yale mabomba ya maji, huona kwamba jadi imetukanwa. Hapa ndipo penye ugomvi wetu hasa. Marimba ya mkono tunayojivunia, vijiti vyake vingi vimefuliwa kwa misumari na spoku za baiskeli. Mazeze mengi yametiwa nyuzi za nailoni na za chuma. Nani aliwahi kusema kuwa mazeze hayo si ya jadi? Fundi wa zamani hakuchagua mwanzi kwa kuuabudu. Aliuchagua kwa sababu ulikuwa karibu, ulikuwa na uwazi ndani, na haukumgharimu kitu. Leo kipande cha bomba kilichobaki kwa fundi wa maji kina sifa hizo hizo tatu, na zaidi ya hayo hakipasuki. Jadi ya filimbi imo katika lahani, katika vidole na katika pumzi.

Tena iko ajabu nyingine. Mwanafunzi akipuliza rekoda ya plastiki, ile filimbi ya Kizungu ambayo wanafunzi wengi wa Kenya wamefundishwa, husifiwa kuwa anajifunza muziki. Mwanafunzi mwenzake akipuliza bomba la plastiki lililotobolewa kwa vipimo vya chivoti, huambiwa kuwa ameharibu jadi. Plastiki ni ile ile! Basi kilichoharibika ni mizani ya mwamuzi.

Wengine wataniuliza kama nimesahau kuwa Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Sikusahau, na niliifurahia amri hiyo. Dhambi ya mfuko ule ilikuwa kutumiwa saa moja na kutupwa milele. Filimbi itumiwayo miaka ishirini, iliyotengenezwa kwa kipande ambacho kingetupwa, ni kinyume cha dhambi hiyo. Na apendaye mwanzi asikatazwe. Ila autendee haki. Achague mwanzi uliokomaa, wa miaka mitatu au zaidi. Aukaushe kivulini kwa majuma kadhaa. Aupake mafuta ndani na nje. Na aufunge kwa uzi imara katika ncha zake na kati ya matundu, ili ufa usipate njia. Filimbi ya namna hiyo itasafiri. Asiyoweza kusafiri nayo ni ile ya mapambo iuzwayo kwa watalii, ambayo nje imechorwa twiga na ndani haina sauti.

Pingamizi la tatu ni la wazee, nami nalijibu kwa adabu. Wanasema kupiga mluzi au filimbi usiku huita nyoka. Nyoka hana sikio la nje, wala hajulikani kuwa mpenzi wa muziki. Lakini mwiko huo una hekima ambayo spika imeusahaulisha: usiku wa porini si wa kupigiwa kelele. Wapo wanyama, wapo wenzako waliochoka, na ipo hatari ambayo huwezi kuisikia ukiwa unajisikiliza mwenyewe. Basi tuushike mwiko kwa maana yake. Filimbi ipigwe jioni motoni na asubuhi kabla ya safari. Watu wakishalala, nayo ilale. Na mahali ambapo taratibu za hifadhi zinataka utulivu, filimbi inyamaze kabisa, kwani utamaduni usiojua kunyamaza ni fujo.

Pingamizi la nne ni la walimu: kwamba shule haina mwalimu wa muziki wala fedha. Kwa fedha, nimekwisha kusema habari za kipande cha bomba. Fundi wa shule achukue bomba la nusu inchi, azibe ncha moja kwa kizibo, atoboe tundu la mdomo karibu na kizibo hicho, kisha matundu sita ya vidole. Atumie keekee. Msumari wa moto ni wa mwanzi tu. Ukitiwa kwenye plastiki ya mabomba hutoa moshi wenye sumu. Matundu yaanze madogo, yapanuliwe kidogo kidogo, maana tundu likipanuka sauti hupanda, na hakuna awezaye kulipunguza. Uzito wa filimbi hiyo haufiki robo kilo. Ikichafuka huoshwa kwa maji na sabuni.

Na kwa mwalimu wa muziki, nasema kwamba mwalimu wa fizikia anatosha kuanza. Kasi ya sauti hewani ni karibu meta 343 kwa sekunde penye joto la nyuzi 20 za Selsiasi, na karibu meta 331 penye nyuzi sifuri. Safu ya hewa ya sentimita 33 iliyo wazi pande zote mbili hutoa mitetemo karibu 520 kwa sekunde katika joto hilo la kwanza. Mwanafunzi aliyeyasoma hayo kwa chaki huyasahau baada ya mtihani. Lakini filimbi iliyopigwa Moshi penye nyuzi 30, ikipigwa kwenye baridi ya nyuzi sifuri huko juu, hushuka karibu nusu toni mpaka pumzi na mkono viipashe joto. Mwanafunzi aliyeisikia ikishuka, akaiweka ndani ya koti, akaitoa na kuisikia imepanda tena, hatahitaji kukumbushwa maisha yake yote. Muziki umemfundisha sayansi, na mlima umekuwa maabara.

Faida nyingine ni ya usalama. Lugha yetu imeziita filimbi zote mbili kwa jina moja, ya muziki na ya mwamuzi wa mpira, na mlimani undugu wao huonekana. Ukungu ukishuka, sauti ya mtu huchoka upesi, lakini sauti kali ya filimbi husikika mbali. Wapanda milima wa mataifa mengi wana alama yao: milio sita katika dakika moja, kisha dakika moja ya kimya, kisha milio sita tena, maana yake ni kuomba msaada. Anayejibu hupiga milio mitatu katika dakika. Kila mwanafunzi aendaye milimani aijue alama hiyo, na asiipige kwa mzaha.

Lakini faida kubwa kuliko zote sijaitaja. Kikundi chenye filimbi kina sababu ya kusimama kijijini. Wanafunzi wetu hupita katika vijiji vya milimani kama maji yapitavyo juu ya jani la mgomba. Hununua ndizi, huuliza njia, huenda zao. Wakiwa na filimbi, mzee mmoja atawaita. Atataka kuishika, ataigeuza, atacheka kwamba ni bomba, kisha ataipuliza, na huenda ikatoka lahani ambayo haijapigwa hapo kwa miaka mingi. Hapo kazi ya kambi imeanza. Wanafunzi wajifunze lahani hiyo kwa vidole vyao, wasitosheke na kuirekodi kwa simu. Waandike jina lake, jina la aliyewafundisha kama ameridhia, na kazi iliyokuwa ikifanywa nayo: ni ya kuchunga, ya harusi, au ya kungojea mvua? Tena waelewe kuwa wamepewa amana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inautambua ubunifu wa jadi kuwa mali inayolindwa. Haifai kuuokota kama wapitao waokotavyo kokoto. Wakirudi shuleni, lahani hiyo ipigwe mbele ya shule nzima na kijiji chake kitajwe. Shule ikifanya hivyo mara moja tu kila mwaka, baada ya miaka kumi itakuwa na lahani kumi ambazo hakuna kabati la makumbusho linalozo, kwa kuwa zitakuwa vidoleni mwa watu.

Basi nawaambia wale wanaotaka filimbi ihifadhiwe isiguswe: mnahifadhi mwanzi, lahani inawaponyoka. Nami, kwa kuwa kazi yangu nyingine ni ya ushairi, nawaachia ubeti huu:

Mwanzi haukuumbiwa, kufungiwa kabatini,
Mwanzi ulitobolewa, ukapigwe safarini,
Kwenye jua na mvuwa, milimani na bondeni,
Asiyeupa hatuwa, ameuzika shimoni.

Orodha ya vifaa vya safari ya shule hujulikana: blanketi, sufuria, kamba, tochi, dawa za huduma ya kwanza. Mwalimu aiandikaye orodha hiyo muhula ujao na aongeze mstari mmoja chini yake, aandike: filimbi moja, ngumu, na wa kuipiga.